Utando wa gesi hauna matundu: jinsi umbo la polima linavyoamua nani apite na nani abaki

Kila nikianza kueleza kuhusu tando za plastiki zinazotenganisha gesi, swali la kwanza huwa lilelile: matundu yake yana ukubwa gani? Na swali lina mantiki kabisa, sisi wote tumekua tunaona chai inapita kwenye kichungi, unga kwenye chekeche, tui la nazi kwenye kifumbu, kwa hiyo ukiambiwa kuna kitu kinatoa oksijeni kwenye hewa lazima uwaze chekeche, ila dogo mno. Sasa hapo ndo mkanganyiko wote unapoanzia, maana lile tabaka linalofanya kazi ya kuchagua halina matundu. Ni plastiki imejaa, kama ilivyo kava ya simu yako. Likipata tundu hata dogo kiasi gani, limeharibika. Gesi inapita ndani ya plastiki yenyewe, inapenya katikati ya minyororo mirefu ya molekuli (vitu vilivyojengwa kwa minyororo hiyo, plastiki na mpira, ndo vinaitwa polima), na ndo maana ukitaka kujua kwa nini utando huu ni mzuri na ule ni mbovu inabidi uangalie ile minyororo imeumbwaje na imelalaje.

Hii kitu ushaiona mwenyewe. Soda ya chupa ya plastiki ikikaa dukani miezi mingi inapoteza makali hata kama kifuniko hakijawahi kufunguliwa, na chupa ndogo inapoteza haraka kuliko kubwa, kwa sababu ndogo ina ngozi nyingi ukilinganisha na soda iliyomo. Ya chupa ya kioo haina shida hiyo. Gesi inatokea kwenye ukuta wa plastiki, polepole, siku baada ya siku. Au chukua mpira wa miguu: wenye bleda ya mpira wa asili unaujaza upepo leo, baada ya siku chache umelegea, wenye bleda ya butili, mpira wa kiwandani, unakaa wiki kadhaa. Tyubu nyingi za baiskeli ni za butili kwa sababu hiyohiyo. Yote ni mpira, yote haina tundu, lakini oksijeni inapita kwenye mpira wa asili zaidi ya mara kumi ya inavyopita kwenye butili. Tofauti ni nini? Kwenye mnyororo wa butili karibu kila kaboni ya pili imebeba vitawi viwili vya methili, yaani kaboni moja yenye haidrojeni tatu, kwa hiyo mnyororo umebanana, unajigeuza kwa shida na unalala karibukaribu na wenzake. Vitawi viwili tu, na fundi baiskeli anakosa wateja.

Watu walishangazwa na jambo hili zamani sana. Mwaka 1831 daktari mmoja wa Philadelphia, John Mitchell, alikuwa anaangalia maputo ya mpira yenye gesi tofauti akagundua kila gesi inatoroka kwa kasi yake, na kabonidayoksaidi, hewa ukaa, ilikuwa inakimbia kweli. Halafu 1866 Thomas Graham kule London akapitisha hewa ya kawaida kwenye mpira, upande wa pili akapata hewa yenye oksijeni zaidi ya asilimia 40 badala ya 21. Na akaeleza sababu ambayo mpaka leo ndo tunaitumia: gesi kwanza inayeyuka ndani ya mpira, halafu inasafiri, halafu inatoka.

Tukae hapo kwenye kuyeyuka na kusafiri maana ndo moyo wa habari yote.

Upande wenye presha kubwa molekuli inagonga uso wa plastiki na kuzama ndani, kama hewa ukaa inavyozama kwenye maji ya soda. Ikishaingia haitembei mstari mmoja. Inakaa kwenye kijinafasi, inatikisika hapo, minyororo nayo inatikisika kwa sababu ya joto, afu kwa bahati tu minyororo miwili inaachana kidogo, nafasi inafunguka pembeni, molekuli inaruka, nafasi inajifunga nyuma yake. Mara nyingine inarudi ilikotoka. Ila kwa kuwa upande mmoja zimejaa na upande mwingine chache, ukijumlisha mamilioni ya miruko mtiririko unaelekea kwenye uchache. Kwa hiyo upenyezaji wa gesi kwenye polima ni zao la vitu viwili, inayeyuka kiasi gani ukizidisha kwa inaruka haraka kiasi gani. Gesi inaweza kushinda kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, na wengi wakishasahau hiyo ya kuyeyuka wanakwama baadaye.

Kwenye kuruka, ukubwa wa molekuli ndo kila kitu. Heliamu ina kipenyo cha nanomita 0.26, haidrojeni 0.289, hewa ukaa 0.33, oksijeni 0.346, naitrojeni 0.364, methani 0.38. Usishangae hewa ukaa yenye atomu tatu kuonekana nyembamba kuliko oksijeni yenye mbili, yenyewe imenyooka kama mtu aliyebeba mrunda, akiingia mlangoni kwa kutanguliza ncha anapita vizuri tu, wakati methani ni ya mviringo, ukiigeuza vyovyote ni ileile. Halafu angalia oksijeni na naitrojeni: tofauti yao ni nanomita 0.018. Unywele wa kichwani ukiugawa vipande milioni nne na kitu kwa upana, kipande kimoja ndo hiyo tofauti. Na plastiki inaiona! Mimi hili bado linanistaajabisha kila nikilirudia.

Inaionaje sasa? Fikiria Kariakoo siku moja kabla ya Idi. Watu wamejaa lakini wanatembea, wanageuka, wanapishana, kila sekunde upenyo unafunguka hapa unajifunga pale. Mtoto anapita, na mtu mzima naye anapita, mtoto anamzidi kidogo tu. Sasa fikiria daladala ya saa moja asubuhi, watu wamesimama wamebanana hawawezi kusogeza mguu, labda mabega tu yanacheza. Hapo mtoto atajipenyeza chini ya makwapa mpaka afike nyuma, kwa shida, ila atafika, na mtu mzima hafiki. Polima ziko za aina hizo mbili. Zile laini, za mpira, minyororo yake inacheza muda wote, ni tambi zilizopikwa. Zile ngumu, za kioo kama wanakemia wanavyoziita, minyororo imegandia mahali ilipo inatetemeka tu, ni tambi kavu. Kinachotenga makundi haya ni joto la mpito: silikoni inaganda ikifika karibu nyuzi 123 chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye joto la chumba ni laini kabisa, wakati polisalfoni, plastiki moja ngumu, inalainika karibu nyuzi 185 juu ya sifuri, kwa hiyo kwetu hapa imeganda.

Namba zinaonyesha vizuri. Upenyezaji unapimwa kwa kipimo kinachoitwa Barrer, jina la mwanakemia Richard Barrer aliyeshughulika sana na mambo haya. Silikoni inapitisha oksijeni kiasi cha Barrer 600 hivi, na oksijeni inaizidi naitrojeni mara mbili na kidogo tu. Polisalfoni inapitisha Barrer 1.4, yaani mara mia nne pungufu, lakini hapo oksijeni inaizidi naitrojeni karibu mara sita. Soko na daladala. Unataka wingi wa gesi inayopita au unataka uchaguzi, yaani gesi moja iizidi nyingine mara ngapi, ukivuta huku unapoteza kule.

Mwaka 1991 mtafiti Lloyd Robeson alikusanya vipimo vya polima nyingi sana vilivyokuwa vimeshachapishwa, akavichora kwenye grafu moja, wingi kwenye mhimili wa chini, uchaguzi kwenye mhimili wa juu, vidoto kibao. Vyote vikakaa chini ya mstari mmoja ulionyooka unaoshuka. Hakuna polima iliyoruka ule mstari. Watu wakaufanya kama ukuta wa kuvunja, na 2008 akauchora upya kwa sababu ulikuwa umesogezwa, ila mwinuko wake ulibaki karibu uleule. Mwaka 1999 Benny Freeman alikuwa ameshaeleza kwa nini: mwinuko unatokana na ukubwa wa gesi zenyewe, polima haiwezi kuubadilisha, kinachoweza kubadilika ni mstari ukae juu au chini kiasi gani.

Ukifikiria kwa nini iko hivo unapata ufunguo. Kufungua nafasi ya kuruka kuna gharama, inabidi minyororo isukumwe. Mnyororo mgumu unafanya nafasi kubwa iwe ghali sana, kwa hiyo naitrojeni inaumia, safi, ila na oksijeni nayo inalipa zaidi ya zamani, kwa hiyo kila mtu anachelewa. Ndo maana ugumu peke yake hautoshi. Lakini kuna kitu cha pili ambacho si ugumu, nacho ni umbali kati ya mnyororo na mnyororo, yaani minyororo ikitulia inaacha nafasi kiasi gani hata kabla haijatikisika. Hivi vitu viwili vinaweza kubadilishwa kila kimoja kivyake. Ukiweza kuwaweka majirani mbali mmoja na mwingine na papo hapo ukawafunga wasicheze, unapanda grafu kwa pande zote mbili. Kazi karibu yote ya kemia ya tando tangu miaka ya 1980 ni kuhangaika na sentensi hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa polisalfoni yenyewe. Ndani ya mnyororo wake kuna kipande chenye pete mbili za benzini, yaani kaboni sita zilizoshikana duara. Polisalfoni ya kawaida inapitisha hewa ukaa Barrer 5.6, na hewa ukaa inaizidi methani mara 22. Sasa watu wakachomeka methili moja kwenye kila pete, jumla mbili. Ungetegemea nini? Vitawi vimeongezeka, majirani wasukumwe, gesi ipite zaidi. Ikawa kinyume, hewa ukaa ikashuka mpaka 2.1 na uchaguzi ukapanda mpaka 30. Wakaongeza, methili mbili kila pete, jumla nne, na hapo hewa ukaa ikaruka mpaka 21 huku uchaguzi ukirudi 22 palepale pa mwanzo. Plastiki ni ileile, kilichobadilika ni vitawi viwili au vinne! Sababu ni ulinganifu. Pete yenye methili upande mmoja inazungushwa kwa shida, kwa hiyo mnyororo umekuwa mgumu, lakini bado upande wake wa pili uko tambarare na jirani anajibana hapo, kwa hiyo hakuna nafasi mpya. Ukiweka pande zote, jirani hana pa kuegemea, anakaa mbali, na mzunguko nao umebanwa. Ugumu pamoja na nafasi, vyote kwa mpigo, ndo maana wingi umepanda karibu mara nne bila uchaguzi kuanguka.

Na hata mahali pa kuunganishia pana maana. Pete ya benzini ukiiunganisha kwa ncha zinazotazamana mnyororo unakaa umenyooka, ukiiunganisha kwa ncha za pembeni mnyororo unapinda na pete inashindwa kujizungusha, gesi zinapita kwa uchache ila uchaguzi unapanda. Fomula ya kemia haijabadilika hata herufi moja.

Baadaye zikaja poliimaidi, ambazo zenyewe tayari ni ngumu sana, zikawekewa kiungo chenye makundi mawili ya CF3, yaani kaboni yenye florini tatu. Florini hizo ni kama mtu aliyebeba mabegi mawili makubwa kwenye foleni, haiwezekani kumsogelea wala yeye hageuki. Upenyezaji ukapanda na uchaguzi ukabaki juu. Halafu 2004 Peter Budd na Neil McKeown wa Manchester wakatangaza polima waliyoiita PIM-1 ambayo ilifanya watu wafikirie upya. Mnyororo wake ni kama ngazi, kila kipande kimeshikwa sehemu mbili hakuna kiungo kimoja cha kujizungusha, na kila baada ya hatua kuna kona kali isiyonyooka. Chukua matawi ya mgunga yenye miiba, yale ya kuzungushia zizi, jaribu kuyapanga yalale vizuri kama mbao. Hayalali. Yanaacha nafasi kila mahali na ukiyakanyaga bado yanaacha nafasi. Ndani ya PIM-1 nafasi hizo zina uso wa zaidi ya mita za mraba 700 kwa gramu moja, kwa hiyo gramu kumi tu ni eneo la kiwanja kizima cha mpira. Hapa nikiri kwamba mpaka kati ya nafasi na tundu unaanza kufifia, kwa sababu vijinafasi vimeungana karibu vyote, ila bado hakuna njia iliyonyooka ya kutoka upande mmoja kwenda mwingine na bado minyororo ndo inaamua. Ule mstari wa 2008 ulisogea kwa sehemu kubwa kwa sababu ya polima za ukoo huu.

Sasa turudi kwenye kuyeyuka, niliahidi. Gesi inayoelekea kuwa kimiminika kirahisi inayeyuka zaidi ndani ya polima, na kwenye polima laini hilo linaweza kushinda ukubwa. Butani, ile iliyomo kwenye mtungi wa kupikia, ni kubwa kuliko methani, ungesema itachelewa, lakini kwenye silikoni inapita haraka kuliko methani maana inayeyuka humo kwa wingi sana. Ndo maana tando za silikoni zinatumika kunasa mvuke wa petroli, kitu kikubwa kinapita na hewa nyepesi inabaki. Chekeche gani linapitisha kokoto linaacha mchanga? Ukiwa bado na picha ya chekeche hapa unapotea. Pia unaweza kuweka kwenye mnyororo kitu kinachopendwa na gesi fulani, kwa mfano zile polima zenye oksijeni kila baada ya kaboni mbili zinaipenda hewa ukaa kuliko naitrojeni, kwa hiyo zinafaa kwa moshi wa mitambo ya umeme.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua polima angalia jozi yako ya gesi. Hewa ukaa na methani ni jozi rahisi, hewa ukaa ni nyembamba na pia inayeyuka zaidi, faida zote mbili ziko upande mmoja. Haidrojeni na hewa ukaa ni jozi ya ugomvi, haidrojeni inashinda kwa wembamba, hewa ukaa inashinda kwa kuyeyuka, zinafutana. Oksijeni na naitrojeni zimelingana karibu kila kitu, zimebaki na ile nanomita 0.018.

Na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu kipindi cha korona watu wengi waliuliza mbona hospitali zisitumie tando hizi kutengeneza oksijeni, mbona zinanunua mitambo ya zeolaiti, zile punje za madini. Hesabu yake si ngumu. Hewa ina oksijeni 21 kwa naitrojeni 79 hivi, yaani oksijeni ni 0.27 ya naitrojeni. Ukiwa na utando ambao oksijeni inaizidi naitrojeni mara 5, upande wa pili utapata kwa ubora wa juu kabisa 0.27 mara 5, ambayo ni 1.33, ukigeuza ni oksijeni asilimia 57. Hiyo ni kama presha ni kubwa kupita kiasi na unachukua tone tu, kiwandani unapata chini ya hapo. Mitambo ya zeolaiti inatoa asilimia 93 hivi. Kufika 93 kwa mpito mmoja unahitaji uchaguzi wa mara 50, na hakuna polima ya kawaida iliyo karibu na hapo. Zeolaiti inafanya kwa njia nyingine kabisa, inaishika naitrojeni kwenye uso wake inaiachia oksijeni ipite.

Lakini geuza swali, sema nataka naitrojeni. Naitrojeni ndo inayobaki, haipiti, na kinachobaki unaweza kuendelea kukisafisha kadiri kinavyosafiri kwenye utando, kila hatua oksijeni kidogo inatoka, mwishoni unabaki na naitrojeni asilimia 95 au 99 kutegemea umevumilia kupoteza kiasi gani. Utando uleule, uchaguzi uleule wa 5 au 6, umeshindwa kazi moja umeiweza nyingine. Ndo maana ziko kwenye ndege, baada ya ile ndege ya TWA, shirika la Marekani, kulipuka tenki la mafuta 1996 Marekani ikaja kuweka sheria mwaka 2008 ya kupunguza hatari hiyo, na ndege nyingi za abiria sasa zinajaza tenki hewa yenye naitrojeni nyingi kutoka kwenye tando. Ziko pia kwenye meli za mafuta, na kwenye baadhi ya makontena ya matunda ili parachichi lisiive safarini.

Mpaka hapa nimeongelea kemia tu, ila kuna umbo la pili, la utando wenyewe. Kadiri tabaka linavyokuwa jembamba ndivyo gesi inavyopita nyingi, ukitoka maikromita 50 kwenda 0.1 umeongeza mara mia tano bila kubadilisha polima. Lakini kitu chembamba hivyo hakiwezi kujishika kwenye presha. Suluhisho lilitoka kwa watu wa maji ya bahari, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan wakiwa chuo kikuu cha California, Los Angeles, walitengeneza utando wa selulosi asetati wa kuondoa chumvi ambao uso wake ni mgumu mwembamba na chini yake ni sifongo. Unamwaga myeyuko wa polima, unaacha uso ukauke kidogo, unatumbukiza kwenye maji, uso unafunga wa kwanza na chini panaganda pakiwa na mapovu. Kwa hiyo matundu yapo kumbe! Yapo kwenye sifongo, kazi yake ni kushikilia tu, hayachagui chochote. Kwa gesi wanatengeneza kwa umbo la nyuzi zenye uwazi katikati, makaroni nyembamba za sehemu ya milimita, maelfu kwa maelfu yamefungwa kwenye bomba moja.

Tatizo likawa ni vitundu vya bahati mbaya. Kwenye maji kitundu kimoja si msiba, kwenye gesi ni msiba, sehemu moja tu kwenye milioni ya uso ikiwa wazi uchaguzi unaanguka, maana gesi kwenye tundu inakimbia bila kizuizi. Jay Henis na Mary Tripodi wa kampuni ya Monsanto wakatoka na wazo ambalo kwangu ni moja ya mawazo mazuri kabisa katika fani hii: wakapaka silikoni juu ya nyuzi za polisalfoni. Silikoni haichagui vizuri, tumeshaona, lakini inajaza kitundu, na ikishajaza, njia ile inakuwa nzito kiasi kwamba gesi karibu yote inarudi kupita kwenye polisalfoni. Mbovu wa kuchagua amemsaidia mzuri afanye kazi yake. Karibu na 1980 mitambo hiyo ikaanza kuuzwa, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kwenye viwanda vya amonia, vinavyotengeneza mbolea, kuokoa haidrojeni iliyokuwa inatupwa na gesi taka.

Baada ya hapo tando za selulosi asetati zikaingia kwenye gesi asilia kutoa hewa ukaa. Gesi yetu ya Songo Songo ni methani asilimia 97 hivi kwa hiyo haisumbui, ila kwenye visima vya baharini kule Brazil gesi inakuja na hewa ukaa nyingi na tando zinafungwa kwenye meli zenyewe za uzalishaji. Hapo utaona namba za maabara zikigeuka. Ukipima gesi moja moja selulosi asetati inakupa uchaguzi wa kama 30, ukiipeleka kwenye gesi halisi yenye presha unapata 12 hadi 15. Hewa ukaa ikiyeyuka kwa wingi inavimbisha polima, minyororo inaachana, inaanza kucheza, daladala inageuka Kariakoo, na methani nayo inapata njia. Poliimaidi nazo zinapatwa na hili, na dawa mojawapo ni kuifunga minyororo kwa viungo vya kemia ili isiachane. Kwenye biogesi ya Ulaya kazi ni nyepesi kidogo kwa sababu presha si kubwa vile, wanapanga poliimaidi hatua tatu, kinachovuja kwenye moja kinarudishwa, wanatoa methani ya zaidi ya asilimia 97 kutoka kwenye gesi ya samadi iliyoanza na 60 tu.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni kuzeeka. Polima ya kioo iliganda kabla haijajipanga, ndani yake kuna nafasi ambayo haikupaswa kuwepo, na inaendelea kujipanga taratibu, kama debe la mahindi ukilitikisatikisa linashuka. Polima yenye nafasi nyingi ndo ina mengi ya kupoteza. Mwaka 1983 kule Kyoto Masuda na Higashimura walitengeneza moja, jina lake fupi PTMSP, inapitisha oksijeni maelfu ya Barrer, kuliko hata silikoni, wakati ni ngumu, watu walifurahi sana, na ikawa inashuka mwezi baada ya mwezi. Tena kadiri utando unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyozeeka haraka, na kiwandani unatumika mwembamba, wakati maabara wanapima mnene.

Kwa hiyo siku hizi nikiona kidoto kipya juu ya mstari wa Robeson naangalia unene kwanza, afu naangalia kilipimwa siku ya ngapi baada ya kutengenezwa, na kama ni gesi mchanganyiko au moja moja. PIM-1 ukiiloweka kwenye methanoli inavimba, ukiikausha namba zinaruka juu sana, na ukiiacha kwenye droo zinaanza kushuka tena.